Mrija wa Baba na Mlio wa Injini

Swali lililoninyima usingizi siku tatu lilikuwa moja: mlio ule wa ko-ko-ko unatoka juu ya injini au chini? Ukiwa juu, kwenye vali, ni kazi ya siku moja. Ukiwa chini, kwenye beringi, injini itavunjika kabla hatujafika kivuko cha mto pale Kirumi, na mama atabaki kando ya barabara na macho yake yaliyofunikwa na ukungu. Daktari wa macho angekuwa Musoma Alhamisi, siku hiyo tu. Hakuna aliyejua angerudi lini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimetoka tu chuoni Uganda. Gari lilikuwa la baba, gari fupi la mabati alilolinunua kwa kahawa na ng'ombe, na pale kwetu Nyanungu hapakuwa na jingine. Fundi wa Tarime alikuwa amesafiri kwenda Kisumu. Basi nyumbani waliamini kwamba aliyesoma vitabu atajua na injini. Mimi nilikuwa nimesoma historia.

Jumatano nilifungua boneti, nikawasha gari, nikasimama na kile kitabu kilichokuja nalo. Kilieleza milio mingi, na kila niliousoma niliona ndio wetu.

Baba mdogo, mfugaji asiyepanda gari, alikuja akaegemea fimbo yake.

"Mura, kijana wangu, ng'ombe akikohoa unaweka sikio ubavuni. Huko hawakuwafundisha?"

Nikaweka sikio. Likaungua. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini wazo lake lilinikaa kichwani. Nilihitaji kitu cha kuuleta mlio sikioni bila sikio kugusa chuma. Kando ya ghala baba na wazee wawili walikuwa wamezunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake, mrefu kuliko mtu, wenye tundu toka mwanzo hadi mwisho. Nikaiangalia ile mirija, kisha nikaogopa nilichokuwa nakiwaza. Kijana hagusi mrija wa mzee. Nilitunga maneno ya kuombea, nikayafuta, nikatunga mengine.

"Unazunguka hilo gari kama kuku anayetafuta pa kutagia," mama alisema kutoka mlangoni. Hakuwa ananiona, alisikia tu miguu yangu. "Una nini?"

Nikaenda.

"Baba, naomba mrija wako. Nataka kuisikiliza injini."

Wazee waliacha kunywa.

"Ukiingia mafuta sitaunywea tena," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

Aliutoa chunguni, akachomoa kichujio cha nchani, akaukung'uta. Nikanyoosha mikono. Akanipita. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Wazee wakamfuata kwa zamu, mkubwa kabla ya mdogo, kama vile wanavyokaa chunguni. Petroli ilikuwa inaungua bure.

"Usivute, mzee!" baba mdogo alipiga kelele. "Hiyo haijaiva!"

"Nyamaza wewe, unanifukuzia mlio." Mzee yule alisogeza mrija kidogo kidogo. "Chini huku ni kelele tu, kama watu wa mnadani. Lakini hapa juu kuna mmoja anabisha hodi."

Zamu yangu ilipofika nilisikia vilevile. Mtu mwingine angetosheka. Mimi nikawaza: je, kama mlio umepanda kutoka chini kwa kupitia chuma? Kitabu kilisema beringi ikiwa mbovu, ukichomoa waya wa plagi ya silinda yake, mlio hupungua. Nikafunga mkono kwa kitambaa kikavu, nikachomoa waya mmoja mmoja na kuurudisha. Injini ilitetemeka kila mara, ila ko-ko-ko haikubadilika hata kidogo.

Tukazima, tukasubiri ipoe, nikafungua kifuniko cha vali. Moja ilikuwa imelegea, nati yake inazunguka kwa vidole. Sikuwa na kipimo cha ule mwanya mdogo unaotakiwa. Nikaomba nyembe za kunyolea za baba, nikazipenyeza kwenye mwanya wa vali isiyolegea. Tatu zilipita kwa kubana, ya nne ilikataa. Nikaikaza ile iliyolegea mpaka nayo ikakubali tatu na kukataa ya nne.

Tulipowasha tena, baba mdogo alisema, "Amenyamaza." Hakuwa amenyamaza kabisa. Kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, ambao labda ulikuwapo tangu gari likiwa jipya, labda ulianza siku ile. Niliusikiliza mpaka jua likazama, na tena Alhamisi alfajiri. Nikaona kwamba nikiungoja ukimya kamili, daktari atakuja na kuondoka mimi nikiwa nimeinama hapo.

Mama alikuwa tayari amevaa, ameshika kikapu, uso ameuelekeza upande ambao sikuwapo.

"Limepona?"

"Sijui kama limepona lote, mama. Tunaenda."

Nikamshika mkono, nikamkalisha mbele. Baba akapanda nyuma. Nikaachia breki, nikashika njia ya Tarime.