Uso Mweusi Kwenye Nembo ya Kijiji cha Mama

Mama yangu ni Mjerumani. Nalisema mapema kwa sababu anayemsikia kwenye simu hudhani ni bibi wa Malindi, Unguja. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake, jikoni, miaka ile ya mwanzo walipohamia Maskati, kwa hiyo mpaka leo anasema "nnakuja" na "nnataka", na Kiarabu chake kinachechemea. Ni mweupe, macho yake ya kijivu, hujitanda leso, na sasa mgongo umeanza kupinda. Baba alikuwa Mzanzibari, mrefu, mweusi wa kung'aa. Mimi nimemfuata baba. Tangu baba afariki, mama anakaa nami Al-Khoudh, kitongoji cha Maskati.

Kijiji alichozaliwa hakijulikani hata na Wajerumani wenyewe. Kina kanisa moja, barabara moja, kijito, na mashamba ya shayiri. Zamani sana kiliunguzwa chote katika vita virefu vya wafalme wao, wakabaki watu wachache waliojificha msituni, na hao ndio waliokijenga upya. Katika vita vya baadaye kengele ya kanisa iliteremshwa ikayeyushwa ili kutengenezea silaha. Hayo mama alitusimulia tulipokuwa wadogo, kama wengine wanavyosimuliwa habari za Unguja.

Alitusimulia pia habari za nembo. Kwao kila kijiji, hata kiwe na nyumba chache vipi, kina nembo yake iliyochorwa ndani ya umbo la ngao. Na kuna sheria za kuichora. Rangi haikai juu ya rangi. Nyeusi, nyekundu, buluu na kijani ni rangi, lakini manjano ni dhahabu na nyeupe ni fedha, na hizo mbili huhesabiwa kuwa madini. Cheusi lazima kikae juu ya dhahabu au fedha, ili mtu akione kwa mbali vitani. Nembo ya kijiji chake chini ina mawimbi ya kijito, meupe juu ya buluu. Juu, kwenye dhahabu, kuna kichwa cha mtu mweusi.

Huyo mtu mweusi ni mtakatifu wao, askari wa Kirumi aliyetoka Misri ya juu, upande wa kusini, akauawa kwa sababu ya imani yake. Kanisa limewekwa chini ya ulinzi wake tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Nilipokuwa mtoto nilitembezwa kule mara moja, wakati wa kiangazi, nikaona nembo imepakwa kwenye ukuta wa banda la zimamoto. Kichwa kilikuwa na midomo minene kupita kiasi, macho ya kutoka, na pete ya dhahabu sikioni. Watoto wa jirani walinitazama mimi, wakatazama ukuta, wakacheka. Nami nikacheka nao. Nilidhani ni heshima, kufanana na nembo.

Nilidhani hivyo kwa sababu ya picha ya baba. Ilitundikwa ukumbini kwetu, karibu na mlango wa majlisi, chumba cha wageni: baba kijana, amevaa joho jekundu, ana pete kubwa sikioni, ameshika ngao ya mbao yenye kichwa kile kile. Nyuma yake umati wa watu weupe. Wageni wakiuliza, baba alikuwa akiwaambia, "Siku hiyo nilikuwa sultani wa Wajerumani," na watu wakaangua kicheko, na mama akacheka pamoja nao huku akimimina kahawa.

Basi Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, khala alipiga simu. Khala ni mdogo wake mama, ndiye pekee aliyebaki kijijini. Huzungumza kila wiki, mambo yale yale ya magoti na mvua. Siku hiyo mama alisikiliza tu kwa muda mrefu. Alipokata simu akaniambia, "Wanagombana kule. Wanataka kuibadilisha nembo."

Vijana wa kijiji walikuwa wamesema picha ile ni matusi, kwamba kile si kichwa cha mtakatifu bali ni cha mtumwa sokoni. Wazee wakasema mtakatifu ni wao na hakuna wa kuwafundisha kumpenda. Watu waliokaa jirani maisha yao yote wakawa hawasalimiani. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba yupo binti wa kijiji aliyeolewa na mtu mweusi, yuko Uarabuni. Mkuu wa kijiji anataka kuzungumza naye kwa simu ya video.

"Utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado. Njoo jikoni."

Tulikuwa na samaki wa pwani ya Qurayyat, jodari, aliyeletwa asubuhi. Mama alikaa kwenye kiti chake akaanza kukata vitunguu, na mimi nikasafisha samaki. Akaniambia bila kuinua uso:

"Babako hakuwa sultani, mwanangu."

Nikamweka samaki kando.

"Tulikwenda kuomba ruhusa kwa baba yangu. Babako alikuwa anasomea umeme mjini, akavaa suti yake moja, tukaenda kwa basi. Baba yangu hakumfukuza. Alimkaribisha mezani, lakini hakumpa mkono wala hakumsemesha. Siku zikapita. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya mtakatifu. Kila mwaka kijana mmoja hujipaka masizi usoni, akavaa joho na pete, akabeba ngao mbele ya maandamano. Mwaka huo mtu mmoja pale mezani kwetu akasema, masizi ya nini, mwaka huu tunaye wa kweli. Wote wakacheka. Ndipo baba yangu akasema neno lake la kwanza kwa babako. Akamwambia, ukisimama na ngao, nitakupa mkono."

Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ubao.

"Akasimama. Asubuhi nzima, juani. Watoto wakawa wanalamba vidole na kumsugua shavu waone kama rangi inatoka. Yeye anawainamia ili wafikie. Mimi nilikwenda nikajifungia zizini kwa ng'ombe, nikalia. Jioni baba yangu akampa mkono, na harusi ikawa."

"Na baba alisema nini?"

"Kwenye basi la kurudi alinambia, nimesimama asubuhi moja, nimepata mke wa maisha, bei rahisi. Tena akanambia hii picha waliyonipiga tuitundike, na tutasema nilikuwa sultani. Ukicheka na mimi, hawatakuwa wamenifanya kitu. Nikacheka. Nimecheka nao wageni wote hao mpaka amekufa."

Nilikwenda ukumbini nikaitazama picha ile niliyopita mbele yake maisha yangu yote. Nilichokuwa nikikiona kama tabasamu kilikuwa ni mtu anayekaza meno. Nilimlilia baba siku hiyo kuliko siku ya maziko yake. Sikulia kwa fedheha aliyofanyiwa. Nililia kwa jinsi alivyoibeba peke yake akatugeuzia mzaha ili sisi tukae na raha.

Siku ya simu ya video mama alivaa nguo zake za Idi. Nilimwekea simu juu ya meza ya majlisi, nikaiegemeza kwenye thermosi ya kahawa, nikakaa pembeni yake. Upande wa pili alikuwepo mkuu wa kijiji, mwanamke kijana mwenye nywele fupi, na khala karibu yake, amejikunyata ndani ya sweta. Walizungumza Kijerumani. Mimi nakisikia nusu, na nusu nyingine mama alinifasiria.

Mkuu wa kijiji alianza kwa upole. Alisema hawataki kumuumiza mtu yeyote, na wangependa kujua yeye anajisikiaje akiiona picha ile.

"Miaka yote hii hamjaniuliza najisikiaje," mama akamjibu. "Lakini nitakwambia."

Akamsimulia yote, kwa sauti ile ile ya jikoni. Suti, meza, joho, vidole vya watoto. Yule mkuu wa kijiji aliacha kuandika. Khala aliinamisha kichwa, na mama alipomaliza, khala akasema kitu kwa sauti ndogo sana. Nilikifahamu bila kufasiriwa.

"Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimsugua shavu."

"Nnajua," mama akamjibu, kwa Kiswahili, kisha akatanabahi akarudia kwa Kijerumani. "Nilikuona. Ulikuwa mdogo. Na yeye alikupenda mpaka mwisho."

Khala alifunika uso kwa mikono.

Mkuu wa kijiji akaniuliza mimi nami naonaje. Sikutegemea. Nilisema kwa Kiswahili na mama akafasiri, sentensi kwa sentensi. Nilimwambia kwamba hapa ninapoishi watu huniuliza kwanza kabila langu. Ipo familia iliyokuja kunichumbia zamani ikarudi kwa sababu haikuridhika na jibu. Kwa hiyo habari za kukubaliwa au kukataliwa kwa ajili ya asili nazijua, si za kwao peke yao. Kisha nikasema, "Msimtoe. Lakini kama ni mtakatifu wenu, mchoreni kama mnavyowachora watakatifu wenu wengine."

Khala akainua kichwa. Alisema juu ya mlango wa kanisa lipo jiwe la kale, na kichwa kilichochongwa pale si kama kile cha banda la zimamoto. Mkuu wa kijiji akasema kanisa lipo mkabala tu, akatoka na simu mkononi, khala nyuma yake, nasi tukaiona barabara ikitikisika, na mawingu, na mlango. Jiwe lilikuwa limeliwa na mvua. Hata hivyo nilimwona vizuri: mwanamume mwenye kofia ya vita ya minyororo, pua pana, macho yametulia, hana pete. Alikuwa askari. Yule wa ukutani, khala alisema, alichorwa baadaye sana, na fundi aliyeiga vibandiko vya makopo ya kahawa na chokoleti ya zama zake.

"Huyo ndiye," mama akasema. "Huyo mwekeni."

Tulimaliza simu kwa heshima. Mama alikuwa na furaha jioni ile. Alitaka chai ya tangawizi, akanieleza tena habari za dhahabu na rangi nyeusi, jinsi uso ule utakavyopendeza ukichorwa upya.

Miezi ikapita. Habari ilikuja kwa khala. Baraza la kijiji lilipiga kura. Mchoraji waliyemwajiri aliwaambia kwamba kichwa chochote, hata kikichorwa vizuri namna gani, kitaleta ugomvi, na watu walikwishachoka na ugomvi. Nembo mpya ina mganda wa shayiri wa dhahabu juu ya kijani, na kengele, na mawimbi ya kijito chini yake. Ni safi na nzuri, na hakuna mtu ndani yake.

Mama aliitazama kwenye simu yangu kwa muda.

"Wamemtoa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Walitafuta namna ya kutokosea. Hii hapa." Akanirudishia simu. "Babako alisimama pale asubuhi nzima ili wamzoee. Sasa itakuwa kana kwamba hakupita mtu."

Nilijaribu kumliwaza. Nilimwambia jiwe la kanisani lipo palepale, halikuguswa. Alikubali kwa kichwa, lakini Ijumaa iliyofuata simu ilipolia hakupokea. Wala ya pili yake. Alisema kichwa kinamuuma, na mimi nilimpigia khala nikamwambia hivyo hivyo, kichwa kinamuuma, na khala hakuuliza zaidi.

Hakupenda niliseme jambo hilo mbele za watu. Kwa wiki kadhaa alikaa barazani asubuhi na tasbihi yake, akiwatazama wafanyakazi wa Kibangali wakipogoa mitende ya barabarani, na nikimwuliza anawaza nini alisema hawazi kitu. Mara moja tu aliniambia kwamba hawachukii. Alisema vijana wale wa kijiji walitaka kutenda haki, na yeye hana neno nao. Kilichomuuma ni kwamba waliona rahisi zaidi kumfuta mtu kuliko kumchora sawasawa.

Mwishowe Ijumaa moja khala alipiga, na mama akapokea mwenyewe. Walisalimiana. Kisha khala akasema bendera yenye nembo mpya imepandishwa, inapepea vizuri, ila watu wanapita chini yake bila kutazama juu.

"Haya," mama akasema. Akapumua. "Na viazi je? Mmeshavuna?"

Khala akaanza kumweleza habari za viazi, mvua ilivyochelewa na ilivyokuja kwa wingi, na mama akavuta mto nyuma ya mgongo wake akaegemea, akawa anauliza na kujibiwa. Niliwaacha, nikaenda kutandika mkeka nisali alasiri.