Moto wa Pili wa Bibi Nyamwaka

Harufu ya samadi kavu inayofuka polepole hunikuta hata sokoni, nikasimama katikati ya watu nisijue nilifuata nini.

Nyumbani kwetu, nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Zuzu, tulikuwa na mioto miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mafigani, wa kupikia na kuota. Wa pili ulikaa chunguni, katika chumba cha ndama ndani ya tembe: kipande cha gogo la mkungugu chenye kaa jekundu, kimezikwa kwenye jivu, na juu yake samadi. Bibi Nyamwaka, mama yake baba yangu Ndahani, ndiye aliyeulea. Kila alasiri aliulisha, na mvua zikikatika tu alianza kupanga kuni za kipupwe ukutani. Jirani yetu Chilewa alimcheka sana.

"Mama Ndahani, moto huo utauachisha ziwa lini?"

"Cheka tu. Wako ukizimika utakuja hapa na kigae, nami nitakuuliza leo ulisemaje."

Alikuja kweli, mara tatu, na mara zote bibi alimwuliza kwanza ndipo akampa.

Ikaja vita ya Mjerumani na Mwingereza. Askari wakamchukua baba, akawabebee mizigo. Akaondoka na vijiti vyake vya kupekechea moto ndani ya podo la mishale. Kwetu kupekecha moto kulikuwa kazi ya wanaume, mwanamke hakufundishwa.

Kipupwe kile mama yangu, Mbeleje, alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa wa kiume, Masinga, kichwa chake kinaenea kiganjani. Bibi aliwalaza kando ya mafiga, akasema, "Huyu bado hajaiva. Moto ndio tumbo lake sasa."

Siku ya tatu asubuhi tukasikia kelele: askari wanarudi. Watu wote wakakimbilia porini na ng'ombe wao, na ndama wetu wakaenda nao. Mama hakuweza hata kusimama. Bibi akamwaga maji mafigani ili moshi usionekane juu ya paa, wadhani nyumba haina mtu.

"Chungu kitatutosha," akaniambia. "Nenda kakae nacho, na unyamaze."

Nilikuwa na kama miaka saba. Nikachuchumaa gizani mle. Upepo ukapenya, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka chunguni. Nje nikasikia viatu vya askari. Jamani, niliona kabisa kwamba moshi ule unawaita waje wamchukue mama. Nikashika kibuyu cha maji, nikamimina chote.

Askari wakapita. Walichukua kuku wawili wa Chilewa, wakaenda zao.

Bibi akaja na nyasi kavu, akatia mkono chunguni. Akakaa hivyo kitambo, mkono umo ndani. Kisha akatoka, akazunguka tembe za majirani. Kote walizima kabla ya kukimbia. Akarudi, akachukua chungu kingine, akaniambia, "Mlalie mdogo wako. Usimwachie upepo." Akaenda Zuzu, kwa wakata kuni wa gari moshi.

Tulimweka Masinga katikati yetu, tukajifunika ngozi zote. Mama alimpulizia pumzi vidoleni. Miguu yake haikupata joto.

Bibi alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri, anakimbia, midomo imepasuka, moto ukiwa hai chunguni. Mama alikuwa amekwisha kumfunika mtoto uso.

"Chungu chako kilikuwaje?" mama akauliza.

"Nilisahau kukilisha. Uzee, mwanangu."

Mama tangu siku ile alimwandalia bibi chakula bila kumtazama, mpaka bibi akafa.

Mimi, kwa akili ya kitoto, nilishukuru kwamba amesahau kweli, kwamba si maji yangu yaliyouzima. Ni baada ya kuzaa wanangu na kuwasha mafiga yangu mwenyewe ndipo nilipotambua: jivu lililolowa halimdanganyi mtu aliyetia mkono. Bibi alijua. Aliona heri mama amchukie yeye, maana mimi nilikuwa na miaka mingi bado ya kuishi na mama.

Nilimwuguza mama hadi mwisho wake. Siku moja, tukiwa wawili tu, nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwuliza kama anataka uji.