Babu wa Tisa

Kabla sijapata kipande, yaani kitambulisho cha serikali, barabara ya kutoka Garissa kwenda Habaswein niliijua kwa vizuizi vyake. Askari alipanda lori, akatupa macho juu ya magunia, akanionyesha kidole: "Wewe mrefu, shuka." Ilikuwa miaka ya tisini. Watu waliokimbia vita Somalia walikuwa wamejaa kambi za Dadaab, na kijana yeyote asiye na kitambulisho alihesabiwa kuwa mmoja wao. Mimi nilizaliwa upande huu, karibu na kisima, mwaka wa ukame, na hakuna aliyeniandika mahali. Shule niliiacha darasa la tano. Baba alikufa bila kuacha karatasi, na mama alikuwa Kutulo akichunga mbuzi wa kaka zake. Ili nipate kipande, ilibidi mtu anayejulikana asimame mbele ya kamati ya wazee, katika ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, aseme: "Huyu ni wetu, namjua babu yake." Mtu huyo sikuwa naye. Nilikwenda mara tatu, nikarudishwa mara tatu.

Nilichokuwa nacho ni masikio. Nilipakua miraa, nikanywesha ngamia wa watu, nikaziba pancha, na popote nilipokunywa chai niliwauliza wazee maswali. Kwetu mtoto hufundishwa kuwahesabu babu zake mmoja baada ya mwingine, ishirini na zaidi. Hiyo ndiyo abtirsi. Mimi sikutosheka na ya kwangu. Nilijifunza na za wengine, kama vile mtu anavyoshika nyimbo za harusi asizoalikwa.

Ndipo akaja mtoto wa mheshimiwa. Babu yake alikuwa chifu zama za Mzungu. Baba yake alikuwa mbunge muda mrefu hata watu wakasahau kwamba kiti kile hupigiwa kura. Baba alipofariki, mwana akatoka Nairobi na miwani yake akaja kukikalia. Katika mkutano wake wa kwanza mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu tuhesabie."

Alifika babu wa nne, akakohoa, akanyamaza.

"Mpeni maji," akasema mama mmoja muuza maziwa. "Amekwama kwenye mchanga."

Watu walicheka vibaya. Mwanasiasa anaweza kuahidi kisima na asikichimbe, akasamehewa. Asiyejua ametoka wapi hapewi hata mbuzi achunge.

Siku ya pili adeer yake, yaani ndugu mdogo wa baba yake, alinikuta kibandani nikinywa chai. Alikuwa mtu mnene mwenye bakora, na kampeni yote ilikuwa mkononi mwake.

"Waryaa, wewe ndiye unayejua babu za watu?"

"Najua baadhi."

"Mfundishe huyu kijana wetu. Akishinda, atasimama mbele ya kamati akutetee."

"Na asiposhinda?"

"Basi muombe Mungu ashinde."

Sikumwamini. Hata hivyo niliingia ndani ya Land Rover.

Mwana alikaa mbele, mimi nyuma, nikawa naisomea shingo yake majina. Alikuwa mwanafunzi mzuri, lazima niseme. Alitaka kujua kila babu alifanya nini.

"Wa saba?"

"Alifukuzwa kisimani kwa kuiba zamu ya maji."

"Huyo tumruke."

"Babu harukwi, mheshimiwa."

Alicheka kwa moyo, na kwa kicheko kile nilikaribia kumpenda. Askari wa vizuizini waliona gari la nani, wakainua kamba. Kwa mara ya kwanza sikuambiwa nishuke.

Tulipokaribia Habaswein gari lilisimama. Adeer alinivuta nyuma ya gurudumu, na mwana akabaki ndani, vioo vimefungwa.

"Wa tisa," alisema adeer. "Hawa tunaokwenda kwao wana babu yao wa tisa. Mpe kijana wetu babu huyo."

Nilielewa. Wakiwa na babu mmoja, ni ndugu, na ndugu hanyimwi kura.

"Lakini wa tisa wake ni mwingine."

"Nani kati yetu alimwona?"

Niliwaza vizuizi vyote nilikowahi kushushwa. Nikarudi garini, nikamwambia mwana kwamba wa tisa nilimkosea, nikampa yule mwingine. Alinitazama kwenye kioo.

"Ulikosea?"

"Nilikosea."

Hakuuliza tena. Hilo ndilo lililonitia shaka: mtu aliyeuliza habari za kila babu, za huyu hakutaka kuzijua.

Mkutanoni Habaswein mwana alihesabu vizuri. Alipomtaja wa tisa, mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliinua kichwa, akanitazama mimi, si yeye.

"Kumbe ni ndugu zetu," alisema polepole. "Baba yake alikalia kiti miaka yote ile, mbona hakutuambia?"

"Alikuwa na shughuli nyingi," akajibu mwana.

Safari hii walicheka vizuri, na ngamia akachinjwa. Alishinda.

Nilikaa wiki nyingi nje ya lango la nyumba yao Garissa, nikiamini kidogo kidogo kwamba nimeliwa. Lakini asubuhi moja mwana alikuja kwenye kamati kweli, peke yake.

"Unamjua babu yake?" aliuliza mwenyekiti.

"Namjua. Ni babu yangu pia. Huyu ni mtoto wa ndugu wa marehemu baba."

Nilifungua mdomo. Mkono wake ulitua begani kwangu, mzito. Wazee watano wale walizijua ndoa zote za nyumba ile, na hakuna aliyeinua uso. Karani aliandika.

Nje nikamwambia, "Mheshimiwa, babu yangu si babu yako."

"Nani kati yetu alimwona?" akasema. Maneno yale yale ya nyuma ya gurudumu. "Sasa tuko sawa, binamu."

Ndipo nikajua vioo vya gari lile havikuzuia sauti. Tangu siku hiyo sikuweza kumwambia mtu habari za babu wa tisa, maana angeniuliza za wangu.

Kipande kilipotoka nilikwenda Kutulo. Askari wa kizuizi cha kwanza alikisoma, akanyooka. "Kumbe wewe ni wa nyumba ile." Kila kizuizi kilikuwa hivyo.

Mama hakujua kusoma. Alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza, akapitisha kucha chini ya mstari wa jina.

"Hapa ni wewe?"

"Ndiyo, hooyo. Kisha baba. Kisha babu."

Kucha yake ilifika mwisho, ikasimama. "Jina la babu yako lilikuwa fupi."

"Serikali huandika kwa herufi kubwa."

Akanirudishia kipande. "Nisomee basi."

Nilimsomea jina la babu yangu, lile fupi, nikikodolea macho mahali ambapo halikuwepo.