Kuku wa Majaribio

Kabla ya Krismasi ile niliharibu mchuzi mara nne. Wa kwanza ulikuwa na mabonge, wa pili ukaungua, wa tatu ukawa mwepesi kama chai ya rangi. Wa nne ulikuwa mzuri, lakini sikuuamini, nikaumwaga. Ndivyo nilivyo, na siwezi kulisema kwa namna ya kujipamba: kitu kikienda vizuri nahisi kuna mahali nimekosea, ila bado sijapaona.

Nilijifunza kwenye simu, kwa watu wenye oveni na vipimajoto, na mimi nina jiko la mkaa nyuma ya nyumba yetu hapa Kibiti. Wao wanauita grevi. Ni mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, unaotokana na mafuta na maji yanayomtoka bata mzinga anapookwa, ukaungwa kwa unga wa ngano uliokaangwa.

"Hauna nazi, hauna nyanya," alisema mama mkubwa. "Sasa mwanangu, huo ni mchuzi au dawa ya kikohozi ya babako?"

Mama mkubwa ni jirani yetu, si ndugu wa damu. Baba ni mganga wa zahanati, tulihamia hapa kutoka bara nikiwa darasa la pili, na yeye na mumewe ndio waliotupokea. Wao ni Waislamu, wenyeji. Kila Idi tunakula kwao na kila Krismasi wanakula kwetu. Kwa sababu hiyo mnyama wa sikukuu kwetu hachinjwi na baba. Anachinjwa na baba mkubwa, mume wa jirani, anayekuja asubuhi na kisu chake kimefungwa kitambaani. Hakuna aliyewahi kulitamka kama sharti. Ni hivyo tu, miaka yote.

Asubuhi ile alimtazama bata mzinga tuliyemnunua kwa mfugaji wa Dimani, akacheka. "Huyu si bata. Huyu mbuzi aliyeota manyoya." Kisha akamgeuza kuelekea kibla, akasema Bismillah, akamaliza.

Nilimwoka kwenye sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Kila baada ya dakika kumi nilifunua, na kila nilipofunua moto ulipotea, mama akanigombeza. Saa saba mchana nyama ilikuwa imeiva na ngozi imepata rangi, lakini chini ya sufuria kulikuwa na vijiko vichache tu vya mafuta, na ukoko mweusi. Kifua kilikuwa kimeanza kukauka. Wageni walikuwa wameshaketi kwenye mkeka barazani, nikamsikia baba mkubwa akimuuliza baba habari za zahanati.

Nikakumbuka kopo kwenye friji. Wiki iliyopita nilichemsha kuku kwa ajili ya mazoezi, na supu yake nikaigandisha. Niliiyeyusha, nikakaanga unga kwenye yale mafuta ya bata mpaka ukanukia kama karanga, nikamimina supu kidogo kidogo huku nikikoroga. Haukufanya bonge hata moja. Nikauchuja kwenye chujio la chai, nikaonja. Sijawahi kupika kitu kama kile. Mapaja nilikuwa nimeshayakata na kuyafunika kwenye ungo. Nikachota upawa mmoja nikamwagia kifua cha bata ili kisikauke, kingali kwenye sufuria, kisha nikaupakua mchuzi kwenye bakuli.

Baba akaingia, akabeba sinia la wali kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine. "Wameshanawa. Lete nyama."

Nilikuwa nakata kifua ndipo liliponijia, na lilinijia kama mtu aliyenigusa bega. Yule kuku wa mazoezi, alichinjwa na nani?

Nilimchinja mimi. Baba hakuwepo, hakukuwa na mgeni, alikuwa kuku wa kuharibu tu. Sikumwita mtu. Nilimkata shingo kando ya shimo la taka huku video ikiendelea.

Nilimwambia mama. Akanitazama, akashusha sauti. "Kimbia kauchukue. Sema umeungua."

"Baba ameshaupeleka."

"Basi sema una nywele. Sema chochote."

Nakiri kwamba nilifikiria kitu kibaya kuliko uongo wa mama. Nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Na nilitaka, nilitaka sana, mama mkubwa aonje, aseme kumbe.

Nilipofika barazani mama mkubwa alikuwa ameshaumwagia wali wake mchuzi. Mkono wake ulikuwa kwenye tonge.

"Mama mkubwa, usile."

Wote wakanitazama. Baba akaanza kucheka, akidhani ni ule wasiwasi wangu wa siku zote. "Mwacheni, huyu kila chakula chake kibovu."

"Mchuzi huo una supu ya kuku," nikasema. "Kuku nilimchinja mwenyewe. Nilisahau."

Kicheko cha baba kiliishia njiani. Mama mkubwa akalirudisha tonge kwenye sahani, akaisogeza sahani ile taratibu mpaka nje ya mkeka, akanawa mkono upya. Baba mkubwa akajaribu utani. "Na wewe binti, kumbe unaninyang'anya kazi yangu?" Hakuna aliyecheka.

Mama mkubwa akainuka, akaja nami jikoni. Nilidhani anakwenda kwao. Akasimama juu ya vyombo vyangu.

"Supu hiyo ilikuwa kwenye nini?"

Nikamwonyesha kopo. Nikamwonyesha sufuria ndogo, mwiko wa mti, chujio, upawa, bakuli la mchuzi. Nikamwambia wali ulipikwa peke yake, haukuguswa na chochote isipokuwa kwenye sahani yake. Nikamwambia kifua nilikimwagia upawa mmoja, bata akiwa amelala ubavu, kifua upande wa kulia, na mchuzi ukatiririka upande huohuo. Mapaja niliyakata kabla, yakawa kwenye ungo, yamefunikwa. Kisu ni kimoja, lakini nilikata mapaja kwanza. Maneno yalinitoka kwa mpangilio kama ya mtu anayetoa ushahidi.

"Mapaja hayakuguswa?"

"Hayakuguswa."

"Una hakika?"

Mimi huwa sina hakika na kitu. Narudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango. Lakini vijiko vyangu vya siku ile nilivijua kimoja kimoja, kila kilipopita.

"Nina hakika, mama mkubwa."

Hata hivyo nikaanza kujihoji tena, nikairudia safari yote ya upawa kichwani. Yeye akaomba ndimu na chumvi. Akachukua sahani safi, akaenda mwenyewe kwenye ungo, akafunua, akachagua paja, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mume wangu!" akaita kuelekea barazani. "Njoo, ndimu ipo hapa. Tunakula mapaja."

Kisha, akiwa bado amesimama jikoni kwetu, akakamua ndimu juu ya nyama, akasema Bismillah, akauma.