Unga Mweusi wa Mkwe Wangu

Mimi ni msagaji. Nina mashine mbili mtaani Kwa Mrombo: moja ya mahindi, ulezi na unga wa lishe, nyingine ndogo na kuukuu, niliyoiweka pembeni kwa ajili ya vitu ambavyo sitaki viguse chakula cha watu. Hiyo ya pembeni imesaga magome, mizizi, maganda ya mayai, gamba la kobe, na mkaa wa mti uliopigwa radi. Kuna mama alikuja na sare ya kwaya mwilini, akanipa kucha za jogoo zilizokaushwa. Sikumuuliza kitu. Nilimsagia, akafunga unga wake kwenye pindo la kitenge, akaenda zake mazoezini.

Kwa hiyo nikisema naujua unga, sijisifu. Unga wa kuita wateja hunyunyizwa kizingitini kabla jirani hajafungua duka lake. Wa kuzindika nyumba hufukiwa kwenye pembe za kiwanja. Wa mapenzi hutiwa kwenye chai ya mume, na wapo waume mjini hapa wanaoharisha kutwa wakilaumu nyama choma. Wa kumkinga mtoto ni mweusi, husuguliwa kwenye chale, ile mikato midogo ya wembe, kifuani na utosini. Mimi mwenyewe ninazo chale kifuani, alinichanja bibi yangu, na sizionei haya. Nimeona pia chale za watu wengine zikitunga usaha hadi mtu akalazwa, kwa hiyo msidhani nazitetea.

Sokoni kwetu yuko muuza dawa mmoja. Watu wote humwita Daktari, naye huitika bila aibu. Miaka mingi alisagia kwangu. Alikuwa akitoka na unga wa gunia moja, anakaa kwenye benchi langu, anaugawa kwenye vifuko vya nailoni: vingine anavifunga uzi mwekundu, vingine mweupe, vingine mweusi.

"Daktari," nilimwambia siku moja, "hii ya mapenzi na ile ya kushinda kesi si gunia moja?"

"Mama, kisu kinachokata nyama si ndicho kinachokata kitunguu?"

Nilicheka hadi machozi. Ilikuwa mizizi tu, nilijua haimuumizi mtu zaidi ya kumpunguzia nauli. Halafu siku moja akaja na kopo la kitu cheusi chenye mabonge. Nikatia kidole. Sisi tuliokulia kwenye redio za betri, tulioanika betri zake juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari, harufu ile tunaijua. Ndani ya kopo kulikuwa bado na kofia moja ndogo ya bati.

"Hizi ni betri," nikasema.

"Mama, mizizi myeusi imeadimika. Msitu una walinzi siku hizi. Na isitoshe watu hawaili, wanapakwa tu."

Nilimtoa kwenye banda langu kwa maneno ambayo mwinjilisti wa usharika wetu asingependa kuyasikia. Alichukua kopo lake akaondoka, na nilijua anakwenda kwa msagaji mwingine asiye na pua.

Mvua za masika zilikuwa zinaishia binti yangu alipojifungua mtoto wa kiume. Wanakaa Njiro, yeye na mumewe. Nilikwenda kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi, na siku chache baadaye mkwe wangu, mama mzaa baba wa mtoto, akashuka kutoka shambani kwake juu ya Tengeru. Alikuja na ndizi za supu ya mtori, maziwa ya mgando na kuku. Huyu ni mama wa kahawa na migomba, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mtu anayeomba kwa sauti hadi vikombe vitikisike kabatini. Namheshimu, na namwogopa kidogo. Kwao, mama mzaa baba ndiye mwenye neno la kwanza kuhusu kinga ya mtoto. Wajukuu wake wote wamepita mikononi mwake.

Nilikuwa jikoni nakoroga mtori binti yangu alipoingia akiburuta kandambili.

"Mama, amekuja na wembe."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema tukubali tu, mbona yeye alichanjwa na yupo." Alianza kulia. "Mimi siwezi kumkatalia. Mkatalie wewe, Mama."

Ni rahisi kusema. Nikimkatalia mimi, nitarudi zangu Kwa Mrombo nikasage mahindi. Binti yangu ndiye atakayebaki kuwa mkwe wa mama yule, Krismasi hadi Krismasi, misiba na harusi, akiitwa yule ambaye mama yake alitudharau. Lakini mtoto naye alikuwa na utosi laini unaopigapiga, na sikuwa tayari kuuona ukiguswa na wembe. Nikazima jiko, nikaenda chumbani, binti yangu nyuma yangu.

Mkwe alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani. Kando yake alitandaza kitambaa cheupe, na juu yake wembe mpya ndani ya karatasi yake, maana yeye si mtu wa kutumia wembe wa mtu. Kulikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Karibu, mkwe. Wewe utamshika miguu."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, ya kliniki na ya vidonda. Akafungua kile kifurushi, na harufu ile ile ya kopo ikanifika kabla sijafungua mdomo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilichukua unga kidogo nikausugua kati ya vidole, ukaacha mng'ao wa kijivu kama wa penseli. Niliogopa, nasema kweli, kisha hasira zikanipanda, na hazikuwa za mkwe. Ilinibidi nijizuie kwanza, maana mimi nikikasirika huwa nasema yote, na kumwambia mama wa watu mbele ya mkwewe kwamba amemletea mjukuu wake sumu ni maneno yasiyorudi tumboni.

"Mkwe," nikasema, "mzizi huu uliuchimba upande upi wa mlima?"

Alimrekebishia mtoto shali, ingawa ilikuwa sawa.

"Zamani nilichimba mwenyewe," akasema. "Mama yangu alinionyesha mti wake. Nilikuwa nauchoma mwenyewe na kuutwanga mwenyewe, hakuna mkono mwingine unaougusa. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa magoti haya hayapandi tena. Huu nimenunua. Huko huko sokoni kwenu."

"Na jani?"

"Jani ni la shambani kwangu. Ulikuwa kwenye nailoni." Aliangalia pembeni. "Nikaona si vizuri kumletea mtoto kitu cha nailoni."

Hilo liliniuma kuliko yote. Kumbe alikaa kwake peke yake akihamisha unga wa Daktari kwenye jani la mgomba, ili ufanane na ule wa mama yake.

Nikamwomba binti yangu alete maji kwenye sahani. Nikamwambia mkwe kwamba hii ni kazi yangu, aniruhusu nitazame tu, naye akakubali kwa kichwa. Mkaa wa mzizi, ukishakuwa unga, huelea na kutapakaa juu ya maji. Ule ulizama wote, ukatulia chini ya sahani.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni betri za redio, mkwe. Yule muuzaji aliniletea kopo lake nimsagie, nikamfukuza." Nikamweleza yote, hata neno lake la "wanapakwa tu". Nilimwambia pia kwamba kesho yake ningesimama mbele ya meza ya bwana yule na kusema kwa sauti hadi afunge virago, na nilifanya hivyo, na alifunga.

Mkwe alimfunika mtoto utosi kwa kiganja. "Ningeutia kichwani mwake," akasema. "Kwa mkono wangu."

"Hukujua."

"Mtoto wangu wa kwanza sikumkinga kabisa. Baba yake alisema sisi ni watu wa kanisa. Tulimzika hajaanza hata kutambaa." Akaniangalia usoni, na hapakuwa na kiongozi wa akina mama pale, palikuwa na mzazi tu. "Sasa huyu atakingwa na nani, mkwe? Niambie wewe unayejua unga."

Ningeweza kutaja kliniki na chanjo, na ni kweli, lakini hakuwa ananiuliza hayo. Nikakaa kando yake kitandani, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba sijui.

Akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. Akakunja jani na unga wake, akampa binti yangu akautupe chooni, akaagiza sahani ile pia mtu asiilie tena. Kisha akalegeza kilemba chake, akamwinua mtoto hadi karibu na uso wake, akamtemea mate mepesi utosini, kama wazee wa huku mlimani wanavyobariki. Akayapaka taratibu kwa kidole gumba. Mtoto alikunja uso, akaendelea kulala.

"Haya," mkwe akasema, "sikuyanunua popote."