Ngoma ya Katana kwenye Kanda ya Wageni

Niliondoka Kikambala kwa sababu ya kanda iliyochelewa. Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea ukingoni, na kanda ilifika hotelini miezi mitatu baada ya kumzika Katana, mpishi mwenzangu. Ilikuwa albamu ya pili ya bendi ya Wazungu waliopata kulala kwetu, vijana wapole wa nywele ndefu. Muziki wao wote ni wa vifo: magitaa yananguruma, mwimbaji anakoroma kama fahali anayechinjwa. Lakini mwisho wa upande wa pili, ngoma inayolia ni ya Katana. Walimrekodi uani, mimi nikiwa mkalimani. Mama yake hakuwa na hata picha yake. Nikasema, nitampelekea sauti ya mikono yake.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi. Kilifi tulishuka kungoja kivuko; nikanunua korosho, zikanishinda kula. Kila tulipovuka pamoja, Katana alikuwa akigonga reli za kivuko hadi abiria wakamkemea. Siku hiyo hakuna aliyemkemea mtu.

Malindi nilinunua betri za redio ya kaseti niliyoibeba, na alasiri nikafika Sabaki. Mama Katana alikuwa akipalilia mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

Swali lile lilinichoma. Nikaiweka redio juu ya kinu, nikamwambia mwanawe yumo kwenye kanda. Mngurumo ulipoanza kuku walitawanyika, naye akavumilia. Ngoma ilipoingia alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Si ngoma ya hanga hiyo? Kwani siku alipoipiga alikufa nani?"

"Hakufa mtu, mama."

Kwao hanga ni matanga, na ngoma yake haipigwi pasipo maiti. Ni kuuita msiba. Mimi, mtu wa Lamu, sikulijua hilo. Wageni waliomba ngoma ya kifo, nikamwambia Katana. Alisita. Nikamhimiza: "Wape tu, wageni hawa, kesho waenda zao." Nilimweleza mama yote, sikumficha neno.

Kanda ikaisha. Nilingoja anifukuze.

"Irudishe nyuma," alisema, akijifunga leso kiunoni. "Maiti sasa yuko. Ngoma imempata mwenyewe."

Akacheza peke yake, akilia, na mimi nikalia.

Nilimwachia redio. Kesho yake, kwenye kivuko, niliwaza kwamba Katana alisita kwa sababu alijua, na mimi nilidhani anaona haya. Mkono wangu ulikuwa juu ya reli. Sikuthubutu kuigonga.