Baba wa Ndevu za Pamba

Miaka ya sitini ikielekea kuisha, nilikuwa nasomea udaktari kwa macho tu. Moyo ulikuwa kwingine. Mwalimu akitaja mifupa, mimi naona jukwaa. Alasiri nilikaa chini ya mijakaranda ya chuo, maua yakiniangukia daftarini, nikaandika mchezo wa kuigiza. Jamani, nilikuwa na furaha!

Tatizo lilikuwa baba. Alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa, na kila daktari aliyepita, baba alimwambia, "Binti yangu anakuja." Ningemwambiaje kwamba siji? Mdomo ulikuwa mzito. Nikayatia yote kwenye mchezo, nikamwalika, nikasema ni sherehe ya chuo tu. Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi mchana akaja na koti lake la kanisani, akaketi safu ya mbele. Baba wa mchezo alikuwa mwanafunzi mwenzangu, ndevu za pamba kidevuni, bakora mkononi. Binti nilikuwa mimi mwenyewe. Nikampigia magoti.

"Baba, nisamehe. Sitaki udaktari. Nataka kuandika."

Kwetu, kule magharibi mwa nchi, mtoto akimwita baba yake mbele ya watu, haachwi bila kujibiwa. Baba yangu akasimama.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini mbona unampigia magoti huyu wa pamba? Baba yako niko hapa."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Niambie mimi," akasema.

Lo! Maneno niliyoyaandika mwenyewe yakanikimbia. Nikamgeukia, machozi yananitoka, nikayasema upya, polepole.

Akalinyoosha koti lake. "Haya," akasema. "Endeleeni, tuone mwisho wake." Akaketi.

Sasa, mwisho niliokuwa nimeuandika ni baba kumfukuza binti yake kwa bakora. Mwenzangu akamtazama baba yangu, akaitazama bakora, akaiweka chini. Mchezo ukaishia hapo.

Tulitoka pamoja jua likiwa bado juu, maua yametapakaa njia nzima, nami natembea kama niko ndotoni. Tulipofika barabarani akauliza, "Yule mkali wa bakora, ndiye mimi?"

"La, baba."

Alijua nadanganya. Akanishika mkono, kama alivyonishika nilipokuwa mdogo, tukavuka.